Pampu ya Hewa ya Hezekia

Mwaka 1956 Hezekia Mgaya wa Makambako alikuwa na gari kuukuu la dizeli, na kila Jumapili aliwapeleka wanakwaya wa Kilutheri hadi Kidugala. Kisha jirani yake Dionis, Mkatoliki, alifunga kwenye gari lake mwenyewe la dizeli pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini. Mlima uliomtesa Hezekia, hadi wanakwaya wakashuka kusukuma, Dionis akaupanda akipiga mluzi. Wanakwaya wakahamia kwenye gari lake, wa kwanza akiwa Tabea, mke wa Hezekia.

“Kwa Dionis tunafika bado tuna sauti,” alisema Tabea.

Hezekia alinunua pampu kutoka kwenye lori bovu, akachungulia ya Dionis juu ya uzio, akaifunga mwenyewe uani. Gari likatoa moshi mweusi na kukataa hata kutoka langoni. Ilibidi amwite Dionis.

Dionis alishika leso kwenye mdomo wa pampu. Badala ya kuvutwa ndani, ikampeperukia usoni.

“Umeigeuza, ndugu. Inanyonya hewa ya injini. Hata yangu ilianza hivi.”

“Nani alikuonyesha?”

“Shemeji Tabea. Alikuja kununua mayai kwa mke wangu, akajaribu kwa leso yake.”

Hezekia aliigeuza pampu. Jumapili gari lake lilipanda mlima bila shida, Tabea akiwa kiti cha mbele. Hezekia hakumwuliza habari za leso. Njia nzima alitazama kioo cha nyuma, aone kama Dionis anawafuata.