Kanga Niliowaosha kwa Sabuni

Niliwaosha kanga. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nalitaja mwanzoni ili asije mtu akanitajia mwishoni, kama alivyonitajia bwana mmoja mbele ya kijiji kizima.

Nazungumzia kanga wa porini, wale ndege wenye madoa meupe ambao kila asubuhi walikuwa wakishuka mlimani kwa makundi kuja kunywa kwenye lambo lililo chini ya nyumba ya bibi yangu, upande wa Kondoa. Kiangazi kimoja, miaka michache iliyopita, walikufa. Hawakufa mmoja mmoja kama wafavyo ndege. Walikufa kundi zima, pembeni mwa maji, midomo wazi, na mpaka leo hakuna aliyetuambia kwa nini. Niliokota baadhi yao, nikawaosha kwa sabuni ya mche mpaka tope lote likatoka, nikawaanika kidogo wakauke, kisha nikamfunga kila mmoja kwenye mfuko wake mpya na kuwapeleka wilayani kwa wataalamu.

Niliwaosha kwa sababu nilikuwa nakwenda ofisini. Anayecheka hapo hakulelewa na bibi yangu. Kwetu mtu haendi ofisini na uchafu. Unaoga, unapiga pasi, unafuta viatu hata kama vumbi litavirudia kabla hujafika barabarani. Kama mtu anaogeshwa kwenda kaburini, mimi ningempelekaje serikalini ndege mwenye kinyesi mkiani?

Na mimi nina ugonjwa wangu. Nachomelea vyuma mjini, Kizota, mageti na vitanda, na ufundi huo sikufundishwa na mtu. Shule ilinishinda mapema. Nilijifunza kwa kusimama kwenye karakana za watu mpaka nifukuzwe, halafu kwa video za kwenye simu. Mtu asiye na cheti huishi akisubiri kuumbuliwa. Wenzangu hunicheka kwamba napiga msasa mpaka uvunguni mwa kitanda, mahali atakapopaona panya peke yake. Wanasema kweli. Nikimaliza kazi naondoka, nafika njiani, narudi kuitazama tena. Kwa hiyo wale kanga niliwaosha vizuri mno. Laiti ningekuwa mvivu.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kumsalimia bibi, mama yake mama. Tulikuwa tunakunywa uji mjomba alipopiga kelele kutoka bondeni. Tulishuka mbio. Lambo letu ni shimo kubwa lenye kingo za udongo. Kiangazi hubaki dimbwi la kahawia katikati, na ndilo maji yetu, ya kunywa na ya kila kitu. Ukingoni kanga walikuwa wamelala kama nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba. Wengine walikuwa wameshakufa. Wengine walikuwa wanajaribu kusimama, wanaanguka ubavu, shingo zimejipinda kuangalia nyuma.

Mjomba alikuwa tayari na kisu.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo kijiji chetu kilipokosea, na kilikosea kwa nia safi. Sisi ni Waislamu. Aliyekufa mwenyewe ni kibudu, haliwi. Lakini ukimuwahi angali hai, ukamchinja kwa jina la Mungu, damu ikatoka, ni halali. Kwa hiyo kwetu mbuzi akianza kuumwa, mtu hakimbilii dawa, anakimbilia kisu. Tumelelewa hivyo, ili riziki isioze. Asubuhi ile kila mtu alikuwa anatafuta anayepumua.

"Huyu bado! Huyu bado!" mjomba alisema, amepiga goti kwenye tope.

"Huyo kafa tangu alfajiri," jirani yetu wa kike alimwambia. Alikuwa amefika na beseni kabla hata hajajifunga kitambaa vizuri. "Unachinja maiti."

"Mguu umecheza."

"Umecheza kwa sababu umeuvuta."

"Wewe subiri. Jioni usipokaribishwa ndiyo utajua nani maiti."

Watu walicheka. Bibi alikuwa juu ya ukingo, fimbo yake inaelekeza kama askari wa barabarani. "Muwahini yule mnono! Yule wa kwenye tope!" Kisha akanigeukia. Bibi huniita mume wake, kama wanavyowatania wajukuu wao bibi wengi. "Mume wangu, mbona umesimama kama nguzo ya umeme? Shika miguu!"

Nilishika miguu. Kanga mzima ukimshika anakuchana mpaka utoke damu, huyu alilala tu mkononi. Joto lake lilinitisha.

"Bibi," nikasema, "hawa wanaumwa."

"Ndiyo maana tunawawahi."

Nilisema mara ile moja tu, kwa sauti ndogo, halafu nikaona aibu kuonekana nimetoka mjini kuja kuwafundisha watu kula. Badala ya kubishana, nikajipa kazi ninayoiweza, kazi ya kupanga vitu. Nilikusanya baadhi ya wale waliokwisha kufa, ambao hakuna aliyewataka. Bibi hakuruhusu vibudu viguse beseni lake, kwa hiyo niliwaosha kwenye kipande cha bati kilichokunjwa, nikawafunga, nikadandia lori la alizeti kwenda wilayani. Nyuma yangu moshi wa majiko ulikuwa umeanza kupanda.

Ofisi ya kwanza ilikuwa ya mifugo. Kijana mmoja, labda tunalingana umri, alifungua mfuko mmoja na kunusa.

"Hii sabuni?"

"Ndiyo. Walikuwa wachafu."

"Umewaosha?" Alimwita mwenzake. "Njoo uone. Huyu kaleta kitoweo. Bado kitunguu tu."

Nilicheka nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote ya siku ile, kwamba nilicheka nao. Wakaniambia kanga si mifugo, niende wanyamapori. Wanyamapori wakaniambia pale hawana daktari wa ndege, nirudi mifugo, au kama nashuku maji niende kwa watu wa maji. Watu wa maji walikuwa kwenye semina. Nikarudi mifugo. Yule kijana, safari hii bila kicheko, akasema sabuni imeshaharibu kila kitu, lakini yeye akiangalia kwa macho hiki ni kideri, kile kinachoua kuku.

"Kuku wa bibi wako wazima wote," nikamwambia. "Wanakunywa lambo lile lile."

"Basi si kideri," akasema, akafunga mfuko.

Nilimwomba waje wenyewe. Nilimwambia mizoga mingine bado ipo, mingi, haijaguswa na sabuni, na maji nayo yapo. Akasema gari halina mafuta. Nje kulikuwa na gari jeupe limeegeshwa kivulini, na dereva analifuta vioo.

Nililala kwa ndugu pale wilayani nikisubiri kesho yake niwabembeleze tena. Asubuhi jirani akanipigia simu. Bibi alikuwa anatapika na amepelekwa zahanati.

Nilimkuta kwenye kitanda cha chuma kilichochomelewa vibaya, na kwa ule ugonjwa wangu niliona kwanza maungio ya kitanda kabla sijaona uso wake. Ulikuwa umenywea. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya shuka. Mganga wa zahanati, mama mmoja mchovu, alimtundikia dripu na kuniuliza amekula nini. Nikamwambia.

"Hao kanga walikufa na nini?"

"Hatujui."

"Basi na mimi sijui namtibu nini," akasema. Hakusema kwa ukali. "Namrudishia maji mwilini, mengine tumwombe Mungu."

Bibi alifungua jicho moja. "Nilikula paja tu," akasema. "Mjomba wako kala kidari na anatembea."

Ni kweli. Mjomba aliumwa tumbo siku moja, akasingizia pilipili. Jirani hakuumwa kabisa. Bibi alipona kutapika, akarudi nyumbani, lakini mikono haikuacha kutetemeka. Mpaka leo kikombe anakishika kwa mikono miwili. Huenda ni nyama. Huenda ni maji. Huenda ni uzee uliokuwa unamngoja siku ile ile. Kijijini walisema ni dawa za kunyunyizia mashamba, wengine wakasema ni watu walioweka sumu ili wawindie, wengine wakasema ni laana ya kuuza ardhi ya makaburi. Niliwachukia wote waliokuwa na uhakika, maana nilikuwa nawaonea wivu.

Siku aliyorudi nyumbani, kabla hajakaa, bibi alichota maji kwenye mtungi ili anywe. Maji ya lambo. Nilimshika mkono.

"Nisinywe?"

"Bibi, sijui."

"Basi nenda ukaulize walio na kazi ya kujua."

Nikaenda. Nilikuwa nafunga karakana Kizota kila nilipoweza, napanda magari, nakaa kwenye mabenchi. Nilitaka sentensi moja tu. Bibi anywe, au bibi asinywe. Kisima cha pampu kiko ng'ambo ya mlima wa pili, na bibi hana punda. Jirani alikuwa akimletea ndoo anapoweza, na asipoweza bibi alichota lambo, akachemsha, akanywa. Alikuwa akininong'oneza kwenye simu kama mtu anayetubu: "Leo nimekunywa, mume wangu. Kiu ilinizidi."

Watu wa wilayani walikuja mvua zilipoanza. Lambo lilikuwa limejaa, mizoga imeshaliwa na fisi na mchwa. Walikuja na lile gari jeupe, wakasimama mbali na maji wasitie viatu tope, wakapiga picha. Kisha wakaitisha mkutano. Bwana aliyewaongoza alikuwa na sauti nzuri ya kwenye redio. Alituambia tusiwe na hofu, tuepuke kula wanyama waliokufa kiholela, na tutunze mazingira. Alitamka "mazingira" kama vile sisi ndio tuliowaua wale kanga.

Bibi alinyanyuka kwa fimbo.

"Shikamooni wote mnaostahili, na wengine hamjambo."

"Shikamoo mama," bwana akaitika kwa adabu.

"Marahaba, baba. Mimi nataka moja tu. Haya maji ninywe, nisinywe?"

"Mama, uchunguzi unaendelea."

"Na kiu nayo inaendelea."

Watu walicheka, lakini si cheko la furaha. Yule bwana akafungua faili lake, akafunga, na hapo ndipo alipopata njia. Akasema uchunguzi ungekuwa umeshakamilika, bahati mbaya sampuli pekee zilizopatikana ziliharibiwa na mwananchi mmoja aliyezifua kwa sabuni.

Kijiji kizima kiligeuka kunitazama. Mjomba aliinamisha kichwa. Kile nilichokiogopa maisha yangu yote, kuumbuliwa hadharani mimi fundi nisiye na cheti, kilikuwa kimefika, kimevaa shati la mikono mirefu. Nilitamani lambo linimeze.

Kisha nikamwona bibi. Alikuwa bado amesimama, anasubiri jibu lake, na mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya fimbo. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama yule bwana.

Nikasimama. Sikupanga maneno, mimi ambaye hupanga hata salamu. Nikasema, "Niliharibu vifurushi nilivyobeba mimi. Mizoga mingine yote niliiacha hapa ukingoni, michafu kama mlivyotaka. Maji niliyaacha hapa. Nani aliyafua? Nilikuja kwenu nikawaambia, mkasema gari halina mafuta, na mimi nililiona gari. Sabuni yangu iliwafikaje nyinyi miguuni mkashindwa kutembea?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Haswaa!" Bwana akasema tusiingize jazba. Nikamwambia ninayo jazba, na haina kosa. Nikamwambia ndege wale walikufa kwenye maji anayokunywa bibi yangu, na kwamba kama wangekufa kwenye kisima cha ofisini kwake wangeshajua hadi jina la baba wa ugonjwa. Hapo nilikuwa nimeanza kupiga kelele na mjomba akanivuta nikae. Mkutano ukafungwa kwa dua. Gari likaondoka, na likakwama kwenye tope. Wanaume wa kijiji wakalisukuma. Mimi sikusukuma. Mjomba alisukuma, akarudi amechafuka mpaka kifuani, akasema, "Si kwa ajili yao, fundi. Nilitaka waondoke."

Bibi aliketi taratibu. "Kwa hiyo," akaniuliza, "hawajui?"

"Hawajui, bibi."

"Ungesema tangu mwanzo. Nimekaa na kiu miezi yote kumngoja mtu asiyejua."

Wiki ile nilirudi Kizota na kukata vyuma. Nilichomelea stendi ya tangi la maji ya mvua na mabano ya kushikia mifereji ya bati, nikavipandisha vyote pamoja na tangi kwa lori mpaka kwa bibi. Maungio sikuyapiga msasa. Yana mabonge, yana masizi, na ukipitisha kidole yanakukwaruza. Yameshika.

Kanga hawajarudi. Jibu halijaja. Mjomba hachinji tena ndege aliyemkuta ameanguka, hata kama anapumua. Bibi anakunywa maji ya mvua kutoka kwenye bati lake mwenyewe, na tangi likikauka punda wa kukodi huleta maji ya kisima. Mimi nikienda ofisini siku hizi nakwenda na nguo za kazi.