Alama ya Boma Lililohama

Dada yangu mkubwa alikataa mji. Miaka mingi nilimwambia aje akae na mimi hapa Isiolo, karibu na hospitali, naye akanijibu kwamba nyumba ya mabati ni sufuria na yeye si nyama. Akabaki na mifugo ya wanawe, mbele kabisa ya Biliqo, mahali ambapo simu haishiki neti mpaka mtu apande kilima. Watoto wengine wa mama yetu walikuwa wamekwisha. Tulibaki sisi wawili.

Habari ya ugonjwa wake niliipata kwa dereva wa lori la mbuzi. Alinikuta sokoni, vumbi likiwa bado kwenye nyusi zake. Alisema amemwacha dada yangu amelala tu, chakula hataki, hata maji anayarudisha. Hiyo ilikuwa siku kadhaa nyuma, kabla lori halijamvunjikia njiani. Nilimshukuru, nikafunga meza yangu ya maziwa, nikaenda nyumbani.

Mtoto wa binti yangu, niliyemlea mimi, ana pikipiki. Hubeba watu hapa mjini na mizigo ya kwenda Merti. Alisema ataenda kumchukua, mmoja wa wanawe amshikilie kwa nyuma hadi Biliqo, kutoka pale tutafute gari la kumfikisha hospitali. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini baada ya Biliqo hakuna barabara. Kuna njia za ng'ombe, zinaachana na kukutana kama mishipa ya mkono wa mzee, na wakati wa kiangazi upepo unazifuta. Msimu wa mvua alikuwa amefika huko salama, akaiweka alama ya lile boma ndani ya simu yake. Safari nyingine jua likaipika simu mpaka ikazima, naye akazunguka porini mpaka nikaanza kumlilia. Kwa hiyo nilimwambia haendi popote na simu. Sikuwa na mjukuu wa kupoteza nikimtafuta dada.

Tulienda kwa mwenye duka la vifaa vya pikipiki, mtu wa zile familia ambazo babu zao waliletwa hapa wakiwa askari wa mkoloni, wakabaki, wakashika biashara ya magari. Baada ya salaam aleikum na habari za nyumbani, nikamwambia nataka ile GPS ya kufunga kwenye pikipiki, na kuna mgonjwa anayeingoja.

Alitoa tatu akazipanga juu ya kioo. Kijana wangu akaenda moja kwa moja kwa ile kubwa, yenye rangi nyingi na sauti ya mwanamke inayosema kata kulia, kata kushoto. Nikamuuliza mwenye duka kama huyo mwanamke anaijua Biliqo.

"Mama, huyo hata Isiolo hajafika."

"Basi anyamaze."

Niliuliza mambo ambayo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Neti ikikosa, kitajua kiko wapi? Jua likiwa utosini, kioo kitasomeka? Kinakula moto wa wapi? Pikipiki ikianguka kwenye laga, ule mto wa mchanga, kitaamka? Ile kubwa ilishindwa kwa swali la kwanza, kwa sababu ramani yake ilitaka neti. Ya pili nilimwambia aitoe nje ya mlango, juani, na kioo chake kikawa kama bati, hakuna kitu unaona. Ya tatu ilikuwa ndogo, nene, ina vitufe vya kubonyeza na mshale mmoja tu. Inafungwa kwa chuma kwenye usukani na kula moto wa betri ya pikipiki yenyewe. Juani ilisomeka.

Kijana hakuipenda. "Akko," alisema, ndivyo anavyoniita bibi yake, "hii si ni kama redio ya babu."

Nilimwambia redio ya babu yake ilimzika babu yake na bado ilikuwa inaongea. Mwenye duka akacheka, akachukua ile simu, akaihamisha alama ya boma la dada yangu kuingia kwenye kile kitu. Nilimwona akifanya. Kidoa kidogo kikatokea, na mshale ukageuka kukielekea, hapo hapo dukani, kama mbwa aliyemsikia bwana wake. Akaniambia kitamfikisha mpaka mlangoni.

Tulikuwa watatu pale, na hakuna mmoja wetu ambaye hakunyweshwa maziwa ya ngamia kabla ya kuota meno. Hakuna aliyeuliza mlango gani. Nyumba ya dada yangu ilikuwa miti ya kukunja na mikeka, na ngamia mmoja aliibeba yote, pamoja na kitanda. Mvua inapopotea, watu hufuata maji na nyumba hufuata watu. Hilo mtoto mdogo analijua. Lakini ukikaa sana kwenye mabati, mji unakufundisha kwamba nyumba ni kitu cha kukaa mahali, na hujui ni siku gani ulijifunza.

Aliondoka alfajiri. Yaliyofuata alinieleza mwenyewe, na simlaumu zaidi ya anavyojilaumu.

Kile kitu hakikumdanganya hata kidogo. Mshale ulimtoa Biliqo, ukamvusha laga, ukamkatia kwenye vichaka ambavyo peke yake asingevipita. Karibu na adhuhuri alipita kisima ambapo wanaume walikuwa wananywesha ng'ombe. Mmoja alimwinulia fimbo asimame. Kwetu, ukikutana na mtu porini hupiti. Unasimama, unaulizwa amani, unauliza amani, kisha mnapeana habari: mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, nani amehama, nani amekufa. Ndiyo ramani yetu, nayo haiko kwa mtu mmoja. Zamani mjukuu wangu angesimama, kwa sababu angehitaji kuuliza njia. Siku hiyo hakuhitaji. Alikuwa na haraka ya mgonjwa, na mshale ulisema mbele. Akawapungia mkono, akapita.

Alifika kwenye alama. Kitu kikalia kumwambia amefika. Palikuwa na duara la miiba, majivu ya baridi, na samadi iliyokauka.

Alizunguka akifuata nyayo mpaka zikaishia kwenye mawe. Akaona petroli inapungua, jua nalo linaenda, akalala hapo kando ya miiba, hakuwa na lingine la kufanya. Asubuhi akarudi kwenye kile kisima. Wale wanaume walikuwepo. Waliokuwa wananywesha pale ni majirani wa dada yangu. Boma lilikuwa limehamia nyuma ya kilima kilicho karibu na kisima, unaweza kusikia kengele za ngamia ukinyamaza. Wanawe walikuwa wamembeba dada yangu pamoja na mikeka yake, akiwa bado anapumua, na jana yake jioni, baada ya alasiri, walimzika.

Yule mzee wa fimbo hakumgombeza. Alisema tu, "Tulikuinulia fimbo, kijana. Mgonjwa alikuwa anaulizia pikipiki yako."

Aliporudi alikifungua kile kitu kwenye usukani na kuniwekea mezani, akisema nikirudishe dukani au nikitupe. Nilimwambia akifunge tena. Kitu hakina kosa, kilikwenda pale kilipotumwa. Alikula kidogo, akaenda kulala na viatu.

Mvua zilipokuja nilimwambia anipeleke. Kupanda pikipiki kwa umri wangu ni adhabu, na mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo. Alikuwa ameiweka alama ya kaburi siku ile, kabla hajarudi, na safari hii mshale ulitufikisha sawasawa, kwa sababu aliyekuwa pale hakuwa na pa kuhamia. Tulichelewa sana kufika. Kila mchungaji tuliyemwona, hata aliye mbali, mjukuu wangu alizima pikipiki na kungoja afike.

Niliketi kando ya mawe. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kati yake. Baada ya muda akaja mwanamke na mbuzi wake, mgeni wa upande ule, hakutujua. Akasimama, akauliza kama ni amani. Nikajibu amani, kama inavyopasa kujibiwa. Akauliza mifugo, nikajibu. Akauliza watu wa nyumbani. Hapo nikamwambia aketi, nikaanza kumpa habari.