Nililinda Gari Jeusi la Patroo, Nikamwacha Neema Barabarani

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu patroo wangu, bosi aliyeniajiri, husoma hapa. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, naishi Majengo, hapa Goma. Mimi ni shofere, naendesha gari la mtu. Sijaja kumlalamikia mtu. Mbaya wa kisa hiki ni mimi.

Patroo ni muzee mmoja wa mtaa wa Himbi mwenye gari jeusi la kifahari, lenye viti vya ngozi nyeupe. Anayeijua Goma anajua gari jeusi ni adhabu katika mji huu. Vumbi letu ni la mawe ya volkano, lina makali. Ukilifuta kavu, rangi inabaki na mikwaruzo. Maji ya ziwa yakikaukia juu yanaacha madoa meupe, kwa hiyo mimi nilikinga ya mvua. Nilikuwa namwaga maji kwanza, napitisha kitambaa laini, halafu nakausha kabla jua halijalipata. Muzee akitoka, anatoa leso nyeupe mfukoni, anaipitisha mlangoni, anaitazama. Shofere aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya alama ya kiatu kwenye kiti. Mimi nilidumu miaka sita, na kusema ukweli, nilijivunia.

Siku yenyewe, binti wa muzee alikuwa anaolewa, na gari ndilo la kumbeba. Nilipomaliza kuliosha, muzee akanituma mbio kwenye depo yake, ghala lililo nje ya mji upande wa Sake, nikachukue makaratasi, maana vita vilikuwa vimesogea na mabomu yalisikika. Niliyachukua, nikageuza. Wakati wa kurudi barabara ilikuwa imejaa watu wanaokimbia, magodoro vichwani, mbuzi, watoto, wote matope mpaka magotini. Nilikuwa naenda polepole huku napiga honi, wasiliguse gari.

Mtu akagonga kioo. Nilipotazama, ni yaya Furaha, dada yangu mkubwa. Walikuwa wametoka kwetu, kwenye milima ya Masisi, siku mbili zilizopita, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mama mgongoni. Mama yetu macho yake yaliharibika zamani, anaona vivuli tu. Alikuwa ameketi juu ya furushi, hatua chache kutoka barabarani, na Neema, binti wa yaya, miaka sita, amelala mapajani pake, anatetemeka kwa homa.

Nikashusha kioo upana wa kidole. Yaya hakulia wala hakunisalimia.

"Chukua mama na mutoto tu," alisema. "Mimi nitatembea."

Viti vya nyuma havikuwa na mtu. Niliitazama miguu ya mama, nikavitazama viti. Nikamwambia yaya kwa sauti ya chini kwamba gari linamngoja bibi arusi, kwamba nitatafuta pikipiki niwarudie. Akasema mutoto hatafika. Nikapandisha kioo. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mama akiinua uso, akiuliza kitu, na yaya amesimama tu akinitazama ninavyoondoka.

Sikurudi. Nilijiambia wamepata gari lingine. Muzee alipitisha leso yake mlangoni, ikatoka nyeupe kama ilivyoingia, akanipigapiga begani mbele ya wageni, nami nikacheka kwa furaha.

Neema alikufa kesho yake kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya hema la plastiki.

Nilipopata habari na kufika kambini, mama alinikumbatia akamshukuru Mungu kwamba bado ana mtoto wa kiume. Akanisimulia juu ya gari lililosimama na shofere aliyewakataa. Alikuwa amemuuliza Furaha ni nani yule, na Furaha akamjibu ni mtu asiyetujua. Wakati anasimulia, yaya alikuwa anaosha sufuria, hakuinua macho. Nilimfuata nje nikitaka kumshukuru.

"Sikukulinda wewe," akasema. "Nilimulinda mama. Wewe mwenyewe utamuambia, siku utapata kinywa."

Nikamchukua mama, nikamleta kwangu Majengo. Yaya mpaka leo hajakanyaga ndani ya nyumba yangu. Jumapili, akitoka misa, anasimama mlangoni, anamsalimu mama, anaondoka.

Mama naye akaanza na lake. Akasema mashofere wa mji huu tunajuana, basi nimtafutie yule shofere aliyewakataa. Kila wiki ananiuliza kama nimempata, na kila wiki namjibu bado. Nikirudi kazini ananishika mikono, anaisikia inanukia sabuni, anawaambia majirani kwamba mwanawe asingeweza kufanya vile. Na gari lenyewe nilikuwa nimetoka kuliosha muda huohuo.

Wiki iliyopita nilichoka. Nikamdanganya kwamba nimempata, lakini amekwisha kufa, aliugua. Nilidhani mambo yataishia hapo. Nilimngoja aseme Mungu amelipa. Hakusema. Badala yake akauliza kama mama wa yule mtu yuko hai. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

"Basi unipeleke kwake," mama akasema. "Nimupe pole. Uchungu wa kuzika mutoto ninaujua."

Tangu siku hiyo hanipi amani. Ameomba maharagwe kwa jirani, ameyafunga kwenye kitambaa ili asiende mikono mitupu. Kila asubuhi namkuta amevaa kitenge chake kizuri, ameketi mlangoni, ananiuliza kama ni leo. Nikisema kazi ni nyingi, ananilaumu kwa upole kwamba yule mama analia peke yake.

Leo pia ameuliza. Ninyi mnaosoma, mlio na wazazi na mliopoteza watoto, nipeni neno, maana mimi langu limekwisha. Nimpeleke kwa nani?