Magamba Niliyoyavaa Kinyumenyume

Nilivua meno katika mkondo wa Nungwi. Meno yangu mwenyewe yalibaki kinywani. Nilichovua ni gamba la plastiki lililoyavika, jembamba, safi kama kioo, ambalo mtu akikaa mbele yako halioni. Meli ilikuwa inapanda na kushuka, abiria tumeshika mifuko ya kutapikia, na nilijua nikitapika nalo litakwenda na mfuko. Nikalitia mfukoni mwa shati, nikainama. Bibi mmoja aliyekaa ubavuni kwangu, naye taabani, akanitupia jicho.

"Yakhe, meno yako yatoka?"

"Ni kifuniko tu, bibi."

"Ee Mola. Siku hizi hata meno yana kanzu."

Nilikuwa nimetoka Maskati. Ndege mpaka Dar es Salaam, boti mpaka Unguja, na sasa meli hii ya kwenda Mkoani, Pemba. Kabla ya Maskati niliwahi kukaa Tanga, Mombasa na Salala. Tangu nilipomaliza skuli ya sekondari sijajua kutulia, na kila nilipofika nililia nilikotoka. Kule Maskati niliuza udi na manukato. Kazi hiyo niliiacha kwa sababu ya simu moja ya dada yangu mdogo, ambaye ndiye aliyebaki na mama nyumbani kwetu Wawi.

"Mama anasahau, kaka," aliniambia. "Mie kuna siku ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Lakini weye hajakusahau. Kila asubuhi anauliza, yuko wapi yule wangu wa mwanya? Njoo kabla hujamtoka kichwani na weye."

Kabla hujamtoka kichwani na weye. Nilifunga mizigo.

Mwanya huo nilizaliwa nao kama alivyozaliwa nao babu yangu, mzaa mama. Ulikuwa katikati ya meno mawili ya mbele ya juu, na mama aliuona kuwa ni mali. Msimu wa karafuu, tukikaa barazani kuchambua, aliokota kikonyo kimoja akanipa. Nilikibana katika mwanya, bila kukigusa kwa midomo, nikasimama nikageuza uso huku na huku. Mama alicheka mpaka karafuu zikamwagika mapajani. "Mwenyewe Mungu kamwachia mlango," aliwaambia majirani, "ili maneno yake yatoke matamu."

Kule Maskati nilikwenda kwa daktari kwa ajili ya meno ya chini, yaliyokuwa yamepandana. Sikutaka waya mdomoni, mtu mzima na mvi zangu, mbele ya wateja. Daktari akasema kuna njia ya magamba: unatengenezewa mengi kwa mpango, unavaa moja wiki mbili hivi, linayasukuma meno kidogo, kisha unavaa linalofuata. Unalivua ukila na ukipiga mswaki, basi. Akanionyesha kwenye kompyuta kinywa changu kikijipanga chenyewe, jino kwa jino, kama watu wanaosogea kuziba mianya ya safu msikitini kabla imamu hajakabiri.

"Na nafasi hii ya mbele," akauliza, "tuifunge?"

Kwake yeye ilikuwa nafasi. Nikamwambia aifunge. Nilijibu upesi, kama mtu anayeulizwa atie sukari kwenye chai.

Gamba lililokwisha kazi hutupwa. Mimi situpi kitu. Niliyaweka yote katika kopo la halua, na kopo hilo nikaja nalo Pemba pamoja na nguo zangu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameketi ukumbini juu ya mkeka, anapeta mchele. Alikuwa amekuwa mdogo. Nilipiga hodi, akanikaribisha, nami nikatabasamu kwa meno yote, makusudi, kwa sababu safari nzima nilikuwa nikiliwaza tabasamu hilo. Alinitazama mdomoni. Kisha akavuta kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa na nusu ya uso.

"Karibu, mgeni. Utokako kwema?"

"Mama, ni mie."

"Mie nani?"

"Mwanao."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayechekea mzaha wa mgeni ili asimvunje moyo. "Mwanangu ana mwanya," akasema, akaendelea kupeta.

Dada akatoka jikoni anacheka, akanikumbatia, kisha akanishika kidevu na kuniangalia kinywani. Kicheko kikamkatika.

"Kaka, umeufanya nini?"

"Nimeuziba."

"Umeuziba? Kama tundu la panya?"

Tulijaribu kila njia. Dada alimletea picha yangu ya skuli, nimevaa shati jeupe, nimekenua. Mama akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaibusu. "Huyu ndiye," akasema. Dada akaniweka kando ya picha. Mama akatazama picha, akanitazama mimi, akanihurumia. "Wafanana kidogo, baba. Lakini weye huna." Nilimwimbia wimbo aliotubembelezea. Akasema naam, wimbo mzuri, hata kwao wanauimba.

Kibaya zaidi, kwake baba alikuwa bado hai. Baba tulimzika mimi nikiwa na miaka kumi, lakini mama alimtarajia arudi shamba kila alasiri. "Mwenye nyumba akirudi akamkuta mwanamme huyu humu ndani, nitasema nini?" alimnong'oneza dada, na mnong'ono wa mtu mzima husikika mpaka barabarani. Nikahamishia mkeka wangu barazani. Siku ya tatu akamwambia dada anipe jembe, kwa kuwa mgeni ni siku mbili. Nikalichukua. Nikalima muhogo nyuma ya nyumba jua likinipiga, na kupitia dirishani nikamsikia akinisifu.

"Mgeni yule anajua kulima. Mamaake kamfunza."

Nikasimama palepale na jembe, nikashindwa kuliinua.

Hapo ndipo nilipolikumbuka kopo. Gamba la mwisho lilikuwa mdomoni mwangu. Kama magamba yale yalinileta hapa moja baada ya moja, basi yanaweza kunirudisha. Nikalitafuta la kabla yake, nikalivaa. Liliuma kama kiatu cha mtoto, lakini liliingia. Nilimtumia daktari ujumbe. Akanirekodia sauti ndefu iliyojaa hofu kwamba nisithubutu, kwamba jino lina mzizi, si mlango wa kufungua na kufunga. Niliisikiliza mara moja nikaifuta.

Nikaanza kurudi nyuma. Magamba yalikuwa yananuka udi wa dukani, na kila nilipovaa la zamani zaidi nilikumbuka nililivaa wakati gani: hili Idi niliyokula peke yangu, hili joto lile lililoua njiwa. Maisha yangu yote nimeota kurudi nyuma, na sasa nilikuwa nimepewa njia ya kufanya hivyo, ndani ya kopo la halua. Asubuhi nilijipima kwa uzi wa cherehani wa dada. Siku uzi ulipopita bila kukwaruza nilimkimbilia jikoni, nikamwonyesha.

"Naona uzi," akasema. "Mwanya sijauona."

Jirani yetu mmoja alikuwa anapita na mzigo wa kuni. "Fundi cherehani," akaniita, "unashona nini humo mdomoni?"

Baadaye karatasi ikapita. Mama hakuona karatasi. Kila siku nilijisogeza mbele yake, nikisema hili na lile, nikikenua kama punda, naye kila siku alivuta kanga. Akawa anaulizia zaidi. Yuko wapi yule wangu wa mwanya? Kwa nini haji? Amekasirika? Aliuliza nami nimekaa mbele yake, na kuna siku aliniuliza mimi. Nikamjibu kwamba yu njiani.

Sikuweza kusubiri tena. Nikaruka magamba kadhaa, nikachukua la mbali, nikalisukuma kwa vidole gumba viwili mpaka likapasuka katikati. Ilikuwa asubuhi, karafuu za jirani zimeanikwa uwanjani kwenye majamvi. Nikaokota kikonyo. Nilijua hakitaingia. Nilikishika hivyo hivyo nikakipenyeza kati ya meno mawili, nikakisukuma kama mtu anayepigilia kabari katika gogo, fizi ikachanika, na ukali wa karafuu ukaingia kwenye kidonda. Kikasimama. Nikaingia ndani mbio, nikapiga magoti mbele ya mama, nikageuza uso huku na huku.

Alichoona ni mwanamme mgeni anatoka damu mdomoni, na kijiti kati ya meno. Alipiga yowe. Dada akaja mikono imejaa unga, akamkumbatia, akanifukuza kwa macho.

Tangu siku ile mama alivaa buibui ndani ya nyumba yake mwenyewe, kutwa, katika joto lile, na akalala nalo. Akaacha kula. Dada alimwekea chakula, akakifunika kawa. "Mgeni kwanza," mama alisema. Nikila, alisema anasubiri nitoke. Nikitoka, alisema yule hajaenda mbali, mie sili mbele ya mwanamme nisiyemjua. Nilikwenda kulala kwa rafiki mjini Chake, nikirudi mchana dada ananionyesha sahani haijaguswa. Mifupa ya mikono ya mama ilianza kuonekana.

"Kaka," dada akaniambia kando ya kisima. Hakunitazama. "Mie sikufukuzi."

"Najua."

"Ila kila ukija, anaanza upya."

Niliondoka siku ya pili yake, na sikurudi tena. Kopo nililitumbukiza chooni. Nilivaa kanzu safi, nikasimama mlangoni kuaga kama mgeni anavyoaga, sikuvuka kizingiti. Mama alifurahi. Mgeni anayeaga vizuri anastahili heshima, akamwambia dada anifungie mkate wa mofa wa njiani, akanipa mwenyewe kwa mikono miwili iliyofunikwa na buibui.

"Wenda wapi, baba?"

"Mbali kidogo, mama. Ng'ambo."

"Huko ng'ambo nina mtoto." Akajigusa mdomo wa juu kwa ukucha, hapo katikati. "Utamjua. Ana mwanya hapa. Mwambie mamaake hajakasirika."

"Nitamwambia."

"Mwambie aje."

"Inshallah."

Dada alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Nikashika njia ya kwenda barabarani, mkate kwapani, bado una moto. Nilitembea polepole, huenda nikaitwa. Nilikuwa sijaumaliza ukuta wa nyumba niliposikia sauti yake kutoka dirishani, sauti yake ya zamani, ya mwenye nyumba.

"Keshakwenda? Haya, mwanangu, nivue hili buibui. Pakua, nina njaa."