Mashine Yake, Mashine Yangu

Wanaonifahamu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, lakini ubaya mkubwa niliowahi kumtendea mtu niliutenda kwa maneno machache mno. Nilimwacha mzee wa watu apoteze kazi yake mbele ya macho yangu, na jibu la kumwokoa nilikuwa nalo kinywani, nalimung'unya kama pipi.

Tulikuwa wawili katika chumba kimoja cha maabara ya maji na udongo, hapa hapa Morogoro mjini. Yeye alikuwa mtu wa Mkuyuni, umri wa baba yangu, kasoma hadi kidato cha nne, mengine yote kajifunzia pale pale mezani kwa miaka isiyopungua ishirini. Siku za kazi alipanga chumba Mafiga na mkewe, Jumamosi wanarudi kwao mlimani. Mimi nilitoka chuo na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, nikakabidhiwa mashine mpya.

Mashine yake tuliiita flemu. Ilikuwa kiboksi cha zamani kinachotumia gesi ya mtungi, ile ile ya kupikia. Unanyunyizia maji unayoyapima kwenye moto, na kama yana sodiamu moto unageuka njano, kama yana potasiamu unapata zambarau hafifu. Metali ikizidi, mwanga nao unazidi, na mshale unapanda. Yangu nayo ilikuwa na moto, lakini moto wa asetilini, mkali zaidi, na upande mmoja kuna taa maalumu ya metali unayoitafuta. Taa inapiga mwanga kupita katikati ya moto, atomu za metali hiyo zinafyonza kiasi chake, nawe unapima mwanga uliopungua. Kwa kifupi, ya mzee ilipima kinachotolewa na yangu ilipima kinachomezwa.

Kwa risasi, zinki na shaba, flemu haifui dafu, hapo mashine yangu ndiyo yenyewe. Lakini kwa potasiamu na sodiamu, kiboksi kile cha mzee kilikuwa sawa na changu, na kwa gharama ndogo. Nililijua hilo tangu chuoni. Nilijibu hata swali lake kwenye mtihani nikapata alama zote.

Sasa mbona nilimchukia? Wiki yangu ya kwanza nilikosea kufungua gesi, mashine ikalipuka kwa kishindo, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakakimbilia nje. Mzee alicheka. Alikuja akanionyesha taratibu, hewa kwanza ndipo gesi, akanipa pole, hakuna baya alilofanya. Ila kwenye chai alisimulia, na tangu siku ile ofisi nzima ikawa inanisalimia, "Habari za baruti?" Mimi si mtu wa kuchekwa. Nilitabasamu na moyoni nikamwandikia deni.

Siku moja mkuu wa maabara akatuita. Alisema nafasi imebana, chumba kinatakiwa, na hataki mashine mbili zinazofanya kazi moja. Tuchukue maji ya chemchemi kumi za njia ya Matombo, kila mmoja kwa chupa zake, kila mmoja apime potasiamu kwa mashine yake. Namba zikikubaliana, flemu inabaki na mzee anabaki nayo. Zikipishana, flemu inakwenda stoo na mkataba wa mzee ukiisha hautaongezwa. Alisema hivyo huku mzee amesimama pale pale, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

Chupa za kupimia metali husuuzwa kwa tindikali, kisha kwa maji ya betri, yasiyo na madini. Tindikali ilikuwa kabatini na ufunguo ulikuwa kwangu. Mzee akaja asubuhi. "Mwanangu, nisaidie tindikali kidogo nioshee chupa."

"Imeisha, mzee," nikamjibu. Haikuwa imeisha. Nilitaka tu ahangaike.

Kesho yake akaja na chupa zake kumi ndani ya kikapu, zimefunikwa kwa khanga safi. Zilikuwa zinang'aa kweli. Akaniambia kwa furaha kwamba mkewe hakulala mchana, ametia majivu na mchanga kila chupa, akatikisa, akasugua, akasuuza mara tatu kwa maji ya bomba. Na si majivu ya kuni, alisema, ni yale mazuri ya maganda ya ndizi, anayoyatunza kwa ajili ya kulainishia maharage. "Mama yako kasema mkataba huu hautapotea kwa uchafu wa chupa."

Nilishika moja, nikafungua. Kwenye mizunguko ya kifuniko palikuwa na utando wa kijivu. Majivu ya maganda ya ndizi ni potasiamu tupu, mtu wa maabara yeyote aliyesoma analijua hilo. Mzee alijua potasiamu ya udongo na ya maji. Majivu kwake yalikuwa kitu cha jikoni. Nikafunga kifuniko, nikamrudishia. "Mama kafanya kazi kubwa," nikasema. Nilifurahi, nisiwadanganye.

Tukaenda mlimani na gari la ofisi, tukajaza chupa kwenye chemchemi zile zile, yeye anakinga, mimi nakinga. Kila tulipofika alisalimia wenyeji, akawaambia huyu ni binti yangu wa kazini, msomi. Mama mmoja akatupatia ndizi mbivu kwa sababu yake. Nilizimenya nikala.

Jumatatu tukapima. Namba zangu zilikuwa ndogo, kama ilivyo kawaida ya maji ya chemchemi za kule. Zake zilipanda zote kumi, nyingine mara tano ya zangu. Akarudia. Akasafisha mrija, akabadili chujio la hewa, akapima yale maji ya kulinganishia ambayo kiasi chake kinajulikana, na yakatoka sawasawa. Mashine ilikuwa nzima.

Kisha akasema jambo la akili kuliko yote niliyoyasikia mle ndani. "Mwanangu, tubadilishane chupa. Mimi nipime maji yako, wewe upime yangu."

Ingechukua dakika kumi. Mashine zetu zingekubaliana kwa kila chupa, na kila mtu angeona kwamba tatizo ni chupa. Nikamwambia utaratibu hauruhusu, kila mtu ameagizwa apime za kwake. Akasema, lakini si kwa ubaya, ni kuhakikisha tu. Nikamwangalia juu mpaka chini. "Mzee, hii siyo michezo ya kubahatisha. Kama namba zimekushinda, sema zimekushinda." Wanafunzi wawili walikuwepo. Mmoja alicheka, kwa kuniogopa nadhani.

Kwenye kikao mkuu aliangalia zile karatasi mbili huku simu yake ikiita. Akaniuliza mimi, si yeye, kama chupa za mzee zilikuwa safi. "Zilisuguliwa mpaka zinang'aa," nikasema, na hapo sikudanganya hata neno moja. Mkuu akakuna kichwa. Akasema basi labda ni macho, mshale ule ni mdogo, na umri nao. Akaniangalia tena.

"Namba ndogo zinamsumbua siku hizi," nikasema. "Nimemwona."

Mzee akageuza shingo kunitazama. Sikuona hasira usoni mwake, ila hofu, ya mtu aliyeambiwa ana ugonjwa asioujua. Alifumba jicho moja, akasoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani, akafumba la pili, akasoma tena. Hakujitetea. Alisema tu, "Inawezekana, mkuu." Mwisho wa mwezi ule akaondoka, na flemu ikapelekwa stoo na gunia juu yake. Mimi nikasogeza meza yangu dirishani, pale alipokuwa yeye.

Yalipita kama mwaka na nusu. Nikatumwa Mkuyuni kuchukua maji ya kisima kipya, na dereva, bila kuniuliza, akasimamisha gari mbele ya nyumba ya mzee ili amsalimie. Mzee alinipokea vizuri, akaniletea kigoda. Mkewe alikuwa jikoni, uani. Tukazungumza ya mvua na ya bei za ndizi, kisha dereva akaenda kutafuta soda.

Nikamuuliza kama bado anasoma masomo kanisani, maana ilikuwa sifa yake, hata kazini alikuwa akijisomea kwa sauti kujiandaa na Jumapili. Akasema ameacha. "Macho yaliyosoma potasiamu vibaya mara kumi yatasoma vibaya na Neno la Mungu. Nitawapotosha watu." Hospitali hakwenda, aliogopa atakayoambiwa. Pikipiki yake ameiuza, asije akamgonga mtu. Wajukuu wakimletea madaftari anawaambia wamsomee wao, yeye anasikiliza.

Hapo nilishindwa. Sijui ni huruma au ni ubinafsi tu, nilitaka kile kitu kinitoke. Nikamwambia yote: tindikali, utando kwenye vifuniko, kwa nini nilikataa tubadilishane chupa. Nikamwambia macho yake ni mazima, mshale aliusoma sawasawa mara zote kumi, potasiamu ilikuwemo kweli. "Ilitoka kwenye majivu, baba. Majivu ya maganda ya ndizi."

Nilipoinua kichwa nikaona hanitazami mimi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi za kupika, alizoniandalia.

"Majivu yangu?" akauliza mama, kwa sauti ndogo.

"Nani kasema majivu?" Mzee alisimama haraka, akampokea sahani. "Tunazungumza habari za mbolea. Mimi ni macho, si unajua? Mwambie mama yako, mwanangu, akusikie. Ni macho."

Alikuwa ananitazama sasa, na sikuwahi kutazamwa vile.

"Ni macho, mama," nikasema.

Mama akashusha pumzi. Akamshika mumewe mkono, akamwambia pole, kisha akarudi uani kuniletea maji ya kunawa. Nilikula. Nisingeweza kukataa mbele yake. Nilipoaga, mzee akasema ananisindikiza, tukatembea hadi barabarani ambako gari lilikuwa linangoja. Nikamwomba msamaha. Nikasema nitakwenda kwa mkuu, nitaandika barua, nitaeleza kila kitu.

"Usiandike," akasema. "Barua itafika huku, na yule mama ataisikia." Alitazama nyuma kuhakikisha tuko mbali. "Na umeshanifungia mlango. Kanisani ningeweza kurudi kesho kutwa, sasa najua naona. Lakini nikisimama pale nikasoma, ataniuliza macho yamepona lini."