Ndoo ya Simu

Sitazunguka. Punk ya Machakos niliiua mimi, na niliiua na simu ya kioo kimepasuka. Nichekeni kwanza, nimezoea. Halafu mnisikize.

Punk ni muziki ya kelele ya watu hawangojangi kuitwa. Na sisi hatukungoja. Kioko, fundi wa kuchonga kutoka Wamunyu, alichonga gitaa na mbao yake mwenyewe. Ngoma zilikuwa mitungi ya maji na vifuniko vya sufuria. Ukumbi ulikuwa chumba ya posho mill iliyokufa kitambo. Ukitoka huko uko na unga kwa nywele kama mzee. Jumapili saa tisa mchana vijana wanatoka kanisa na suti, wanaruka mpaka tai inazunguka mgongo!

Mimi je? Kuimba, sauti ya mbuzi. Gitaa, vidole kama ndizi. Shule niliachia form two, hata kuandika nyimbo sikuaminiwa. Wakanipa ndoo.

Usicheke ndoo. Sheria yetu ilikuwa moja tu: ukiingia, simu inaingia ndoo. Hakuna picha, hakuna video. Hiyo sheria ilitoka kwa Mwende, mwimbaji wetu, asubuhi kwaya ya kanisa, mchana punk. Alikuwa anaimba amevaa gunia ya mahindi kichwani, na matundu mawili ya macho, maana nyimbo zake zilikuwa za nyumbani kwao. Baba yake, huko nje, ni mtu wa kuombea harusi. Ndani ya nyumba ni ngumi.

"Wewe wa ndoo," ananiuliza kila Jumapili, "umehesabu?"

"Madam, hata pasta akikuja, yake naibeba!"

Anacheka. Ndio sasa anapanda kuimba.

Jamani! Jumapili moja watu walijaa mpaka wengine wakakalia dirisha. Nikajiambia, hii kitu ikionekana, hata Nairobi watatujua. Na mimi pia watanijua, wacha niseme ukweli. Nilikuwa nimechoka kuitwa wa ndoo. Simu za watu wote zilikuwa ndani. Yangu ilikuwa mfukoni. Nani angenipekua? Si mimi ndio polisi!

Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa mama anaambia majirani ati ameanguka bafuni. Katikati Mwende akashikwa na joto, akatoa gunia. Akaimba na uso wake wote, analia huku anatabasamu.

Aliitoa kwa sababu aliamini ndoo.

Nilirekodi. Nikaweka kwa status na mzaha juu: "Dada wa kwaya amechizi!" Jioni ilikuwa imefika kwa group ya akina mama wa kanisa. Jumatatu kabla ya chai, baba yake alikuwa ameiona.

Hakumgusa Mwende. Alimgeukia mama yake Mwende. Mkono ukavunjika mahali mbili.

Nilienda hospitali kumuona, plasta imefika bega. Mwende amekaa hapo kando, hanitazami. Nikaanza mzaha, ndio ugonjwa yangu, ati sasa mama amenunuliwa gitaa nyeupe. Aiya! Mtu ako na akili anasema hivyo?

Mama akauliza polepole, "Wewe ndio kijana wa ndoo?"

"Ndio, mwaitu, mama yangu."

"Huo wimbo tuliutunga sisi wawili, nikiosha vyombo. Sikuwa na mahali ingine ya kusema. Kila Jumapili nangoja arudi aniambie watu waliimba naye aje." Akavuta shuka na mkono mzima. "Sasa kanisa yote imeniona. Hakuna hata mmoja amekuja kuuliza mkono."

Mwende akanisindikiza mpaka mlango. Nilidhani atanitusi. Heri angenitusi!

"Siku hiyo ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Na yako?"

Mkono wangu ndio ulijibu, ukashika mfuko. Mimi, wa mdomo!

Mwende na mama walihamia kwa shangazi, Mitaboni. Kioko alibeba gitaa yake akarudi Wamunyu, hata kwaheri hakuniambia. Posho mill iko na kufuli. Video nilifuta, lakini ilikuwa imeshaingia simu za watu hata siwajui.

Wewe umewekwa kulinda siri za watu, kwa chama, kwa kanisa, kwa bendi, pekua mfuko yako kwanza. Usingoje kama mimi. Ndoo bado iko kwangu. Jumapili ikifika saa tisa naiweka mlangoni, natia simu yangu ndani, nakaa. Moja. Nimehesabu, Mwende. Hakuna mtu wa kuniuliza.