Sauti ya Mama Akiikaripia Bahari

Mama yangu, Tarfa binti Rashid, Mungu amrehemu, alizaliwa kisiwani Muharraq, akaolewa Muharraq, na mwezi wa Shaabani uliopita tukamzika Muharraq. Maisha yake yote alikuwa na adui mmoja tu: bahari.

Baba yake alikuwa mzamia lulu. Kila kiangazi bahari ilimchukua, na mama alisema ilikuwa mke mwenza wa bibi yangu, tena yule mke mdogo, anayekula nguvu za mume kisha anamrudisha masikio yakitoka usaha. Ndiyo maana msimu ukikaribia kwisha wanawake wa mtaa walishuka ufukweni, wakamtosa paka majini, wakaichoma bahari kwa kuti lililowashwa moto, huku wakiikaripia itubu na iwarudishe watu wao.

Nilipokuwa nimesomasoma kidogo nilimwambia, "Mama, bahari ni kiumbe cha Mungu. Ina dhambi gani ya kutubia?"

"Na mbuzi naye ni kiumbe cha Mungu. Akila buibui langu nimnyamazie?"

Hakunisimulia zaidi ya hapo. Nikiuliza, ananiambia, "Yamepita hayo. Angalia wali usiungue."

Kisha akaja Wadha, binti wa mtaa wa pili, aliyesomea uchoraji. Alikuwa akiandaa maonyesho ya mambo ya bahari yetu ambayo hayakuandikwa popote: michoro yake, sauti za wazee, na picha za kale alizochimbua kwenye hifadhi ya nyaraka. Picha moja alimwekea mama mapajani. Wanawake wamesimama ufukweni. Chini pameandikwa jina la nahodha na la chombo. La mwanamke hata mmoja halipo.

"Huyu msichana mwenye paka ni nani, bibi?"

Mama akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Ni mimi! Na mshenzi yule alinikwaruza, tazama!" Akapandisha mkono wa gauni.

Kovu lile nilikuwa nikilipaka mafuta kila jioni. Hakuwahi kuniambia ni la paka.

Siku za Wadha kuja kumnasa sauti, mama alijifukiza udi tangu asubuhi. Mimi nikimpelekea dawa, "Weka hapo." Nilimwomba Mungu aniondolee husuda, nikainuka nayo kwenye mswala vilevile.

Baada ya matanga Wadha akaja na kinasa sauti, kutaka ruhusa ya kuwasikilizisha watu sauti ya mama. Ndugu zangu waliniachia mimi niamue, kwa kuwa ndimi niliyemuuguza. "Hapana" yangu ilikuwa tayari. Nilimjazia kikombe cha kahawa mpaka ukingoni, na kwetu mgeni akijaziwa hivyo anajua anywe aende zake.

Wadha alikitazama kikombe. "Sikiliza kwanza, shangazi, halafu unifukuze."

"Sauti ya mama yangu nikaisikilize kwako wewe?"

Akabonyeza. Mama akaanza, akiikaripia bahari kama aliyemkuta mke mwenza mlangoni: huna haya, waume unao mia, na wa wenzako bado unawataka! Ilikuwa sauti ya kisichana, ngeni kwangu. Mara mtu akapayuka kwa mbali: "Mama! Wali wa machbusi unapoa! Huyo mgeni hana kwao?"

Alikuwa ni mimi.

Mama akaiacha bahari. Kisha akasema polepole, "Unamsikia? Ana wivu. Huo karithi kwangu."

Nilifunika uso kwa mtandio.

"Usihofu, shangazi," alisema Wadha. "Kipande hicho nitakikata. Hakuna atakayeisikia ile kelele ya jikoni."

"Kelele?" Nikaufunua uso. "Walioiandika ile picha waliwaacha wanawake wote. Sasa nawe unataka kuniacha mimi? Ukikata hapo, ruhusa huna. Na uandike: Munira, binti yake, ndiye aliyepika."

"Na lile la mgeni hana kwao, libaki?"

"Libaki. Nililisema kwa dhati."

Akacheka, akaandika. Nikakichukua kikombe chake, nikaimwaga ile kahawa, nikammiminia upya, kidogo tu pale chini, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa abaki.